Miche ya kando ya mto inakufa: fukua kwanza, ndipo upande tena

Kabla hujaagiza miche ya miti ya kujazia mapengo, chukua jembe dogo, nenda mtoni, ufukue kumi kati ya ile iliyokufa. Usivute. Chimba pembeni, utoe mche na udongo wake, uuoshe mizizi kwenye ndoo, uitazame. Nusu saa ya kazi hiyo itakufundisha zaidi ya msimu mzima wa kupanda kwa kubahatisha.

Nasema hivi kwa sababu sisi tulipoteza misimu miwili. Kikundi chetu cha kujitolea kinapanda miti kwenye kingo za kijito kinachoshuka kutoka milima ya Uluguru na kuingia mto Ngerengere. Ngerengere ndio unaojaza bwawa la Mindu, ambalo mji wa Morogoro unakunywa maji yake, kisha unaendelea hadi Ruvu, na Ruvu ndio unaowanywesha watu wa Dar es Salaam. Msimu wa kwanza tulipanda, tukapiga picha, tukarudi nyumbani. Msimu wa pili tukapanda kwenye mashimo yaleyale, aina zilezile, nayo ikafa vilevile. Tulipokuwa tunajiandaa kwa mara ya tatu, mzee mmoja wa pale kijijini alitusogelea akauliza, "Wanangu, hiyo iliyokufa mmeiangalia?" Hatukuwa tumeiangalia hata mmoja.

Yanayofuata ni yale tuliyoyaona tulipoanza kuangalia. Nimeyapanga kwa dalili, yaani kile utakachokikuta ukifika mtoni.

Mche umekauka: je, umekufa kweli?

Anza hapa daima. Kwaruza gome kwa ukucha, kutoka juu ukishuka. Ukikuta ubichi wa kijani chini ya gome, mche uko hai. Kata sehemu iliyokauka, uuache. Ukifika usawa wa udongo bila kuona ubichi, fukua kidogo ukwaruze shingo ya mzizi.

Mninga umewadanganya wengi. Ukiwa mchanga, kijiti chake hufa kila kiangazi hadi usawa wa ardhi, tena kwa miaka kadhaa mfululizo, huku mzizi ukinenepa chini. Mvua zikirudi unachipua upya. Mtu anayeupitia Septemba huandika "umekufa" kwenye daftari, anang'oa, na hapo ndipo unapokufa. Kuna pia mgunga ule wenye maganda yaliyojiviringa yanayopendwa na mifugo, *Faidherbia albida*: huo hupukutisha majani wakati wa mvua na kuvaa majani kiangazi, kinyume cha miti mingine mingi. Kwa hiyo weka kibao au kigingi chenye jina la mti. Anayepita ajue anachokitazama.

Mche unanyauka ndani ya wiki tatu, na mvua inanyesha

Hapa mvua haina lawama. Kosa limetoka kitaluni au limefanyika siku ya kupanda, na mizizi itakwambia ni lipi.

Ukikuta mizizi imejizungusha kama kamba ndani ya ndoo, ikiwa na umbo la kiriba (mfuko wa nailoni wa kukuzia mche) hata baada ya kiriba kuondolewa, mche ulikaa kitaluni kupita kiasi. Mizizi hiyo haitoki kwenda kwenye udongo mpya. Inaendelea kuzunguka palepale mpaka maji ya donge lile la udongo yanapoisha. Dawa yake ni kuinua viriba kitaluni kila baada ya wiki mbili au tatu na kukata mizizi iliyotoboa chini. Siku ya kupanda, kata kitako cha donge kwa kisu kikali, unene wa kidole, na uchane mizizi iliyozunguka pembeni. Mche ambao mzizi wake mkuu umejikunja kama ndoana usiupande kabisa. Utaishi mwaka, pengine miwili, halafu utaangushwa na upepo au maji. Inauma kutupa mche uliomwagilia miezi minane, lakini nafasi ya mtoni ni ya mti utakaosimama.

Ukikuta kiriba chenyewe bado kipo, basi tatizo ni usimamizi. Hili tulilikuta kwa wingi kwenye sehemu iliyopandwa na wageni wengi siku moja. Watu hawakuwa wazembe. Walidhani nailoni itaoza, na hakuna aliyewaambia. Siku hizi kila mpandaji anarudisha viriba vitupu kwa mtu mwenye kapu, naye anavihesabu. Miche iliyotoka mia mbili, viriba mia mbili virudi. Vikipungua, tunarudi kwenye mistari kutafuta kabla mtu hajaondoka.

Ukikuta donge la mche ni kavu kama tofali ilhali udongo wa shimo umelowa, mche ulipandwa na kiu. Donge lililokauka hukataa maji; yanapita pembeni. Tumbukiza kiriba kwenye ndoo mpaka mapovu yaishe ndipo upande. Na ukikuta uwazi kati ya donge na ukuta wa shimo, hakuna aliyeshindilia kwa kisigino.

Majani yaliyobabuka kwa weupe au kahawia, huku mizizi ikiwa mizuri, ni mche uliotolewa kivulini moja kwa moja hadi juani. Wiki nne hadi sita kabla ya kupanda, punguza paa la kitalu kidogo kidogo na punguza kumwagilia. Mche uone jua la kweli ungali nyumbani.

Na wakati. Kwetu tunapanda masika, Machi ikielekea Aprili, si mvua ya kwanza inapogusa ardhi bali udongo unapokuwa umelowa kina cha kutoka kiwiko hadi kiganja. Ukichelewa hadi Mei sababu ya kusubiri mgeni rasmi, mche unaingia kiangazi na mizizi ya wiki tatu. Mgeni aje siku ya palizi. Palizi nayo inahitaji watu, tena zaidi.

Kiangazi kimeanza, shina linakatika kwenye usawa wa ardhi

Tazama gome la chini. Likiwa limebanduliwa na kuna vifereji vya udongo vimepanda shina, ni mchwa. Mara nyingi tunawakaribisha sisi wenyewe: tumeweka samadi ambayo haijaiva ndani ya shimo, au tumelundika matandazo hadi yakagusa shina. Tandaza majani makavu, ndiyo, maana yanatunza unyevu, lakini acha shubiri moja wazi kuzunguka shina, na weka mboji iliyooza mpaka hainuki tena. Mchwa humpenda mche dhaifu kuliko mwenye afya. Kando ya mto hatupulizi sumu. Maji yale yanakwenda kwenye ndoo za watu.

Mbegu za miti ya asili hazioti

Watu wengi hukimbilia mlusina na mjohoro kwa sababu hii tu: mbegu zake zinaota bila shida. Miti ya asili nayo inaota, ila kila kundi lina tabia yake, na kosa kubwa ni kuzitendea zote sawa.

Mbegu ngumu, kama za mkongo na migunga, zinaweza kukaa mwaka zikisubiri na bado zikaota, lakini maji hayapenyi ganda. Mkongo tunauondolea ile kofia nyekundu, kisha tunaikwaruza mbegu kwenye jiwe upande wa pili mpaka weupe uonekane. Za migunga tunazimwagia maji yaliyotoka kuchemka, tunaziacha humo zipoe hadi asubuhi. Zilizovimba zinapandwa, zilizobaki zinarudiwa.

Mbegu laini ni kinyume kabisa. Mzambarau pori na mnwamaji haziwekwi. Zikikauka zimekufa, hata ukizinunua kwenye pakiti nzuri. Okota chini ya mti, osha nyama, panda wiki hiyohiyo. Tuliwahi kuanika mbegu za mnwamaji juani siku nne tukidhani tunazitunza, na hakuna iliyoota.

Mvule una mbegu ndogo sana ndani ya tunda laini. Ponda tunda ndani ya maji, chuja, kausha mbegu kivulini, sia juu ya kitanda chenye udongo laini na ufunike kidogo mno. Kumbuka pia kwamba mvule una dume na jike. Ukikaa chini ya dume kusubiri matunda utasubiri sana. Chini ya mvule jike usiku utasikia popo, maana ndio wanaozibeba mbegu kwenda mbali.

Kwa mbegu usizoweza kuokota mwenyewe, Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) wanauza mbegu za miti hapa Morogoro. Uliza zilikusanywa lini.

Majani ya mvule yana vinundu, ncha inaoza

Nitakaa kidogo hapa, kwa sababu mvule ndio mti uliotuvunja moyo kuliko yote, na karibu tuuache.

Dalili zake ziko wazi. Kwenye chipukizi na majani machanga panatokea vinundu vya kijani, mviringo, kama mbaazi. Ukipasua kimoja utakuta mdudu mdogo ndani. Baada ya muda kinundu kinapasuka chenyewe, mdudu mzima anatoka, na mahali pale panaingia uozo unaoshuka na ncha. Mche unachipua tena pembeni, vinundu vinarudi, unachipua tena. Baada ya mwaka una kichaka kifupi chenye mafundo badala ya mti. Mdudu huyu wataalamu humwita *Phytolyma*, naye hana habari na miti mingine: anautafuta mvule.

Hapo ndipo penye sababu. Tulikuwa tumepanda mistari minne ya mvule peke yake, karibu karibu, juani. Kwa mdudu huyo tulimtandikia meza. Msituni mivule haikai hivyo. Mmoja yuko hapa, mwingine mbali, na katikati kuna miti ya kila namna.

Tulichobadilisha ni hiki. Kitaluni, mche wenye vinundu unatengwa mara moja, na sehemu zenye vinundu zinakatwa na kuchomwa kabla hazijapasuka. Mtoni, mvule mmoja unakaa ndani ya kundi la miti mingine isiyopungua kumi, na tunaupanda mwaka wa pili, miti inayokua haraka ikiwa imeshatoa kivuli chepesi. Vinundu havijaisha, ila miche inavizidi mbio. Kuna mvule mmoja ulionizidi kimo sasa, na kila nikifika naugusa.

Mkangazi una balaa linalofanana na hilo, ila la kiwavi anayetoboa ncha na kuingia ndani. Ukiona ncha imekauka, kuna tundu na unga kama wa msumeno, kata chini ya tundu mpaka ufike kwenye mti mzima. Vitakapochipua vichipukizi vingi, acha kimoja kilichonyooka kuliko vyote. Na mkangazi pia, usiupande peke yake.

Mche ni mzima lakini mwaka umepita na haujaongezeka

Sababu ya kwanza ni majani. Ukoka na mabingobingo hunywa maji kabla ya mche. Palilia duara la mita moja mara tatu katika mwaka wa kwanza. Sababu ya pili ni mti kukaa mahali pasipo pake. Mkuyu, mzambarau pori na mnwamaji hustahimili miguu iliyolowa. Mwegea na migunga huwekwa juu kidogo, na mkongo na mninga wapeleke kwenye mteremko mkavu. Mninga uliopandwa kwenye tope utaugundua kwa mizizi myeusi inayonuka.

Mafuriko yamebeba kila kitu

Tembea ukingoni ukitazama mto unavyopinda. Miche iliyobebwa itakuwa upande wa nje wa kona, mahali maji yanapopiga na kula ukuta. Upande wa ndani, maji yanapopungua mwendo na kutua mchanga, mingi itakuwa imebaki, pengine imefukiwa tu, ifukue.

Kwenye ukuta unaoliwa, mche wa futi moja hauna cha kushikilia. Panapaswa kuanza majani na vipandikizi. Tunapanda matete kwenye mstari wa maji wakati maji yamepungua, nyuma yake tunapigilia matawi ya mkuyu. Kata matawi kabla ya mvua, unene wa kifundo cha mkono, urefu wa mita moja na nusu hadi mbili, toboa shimo kwa mtarimbo kwanza ili gome lisichubuke, kisha theluthi moja iingie ardhini. Angalia usiligeuze tawi; upande uliokuwa chini mtini ubaki chini. Miche ya kiriba inafuata msimu unaofuata, nyuma ya ukuta huo ulio hai.

Lakini kuna kuta ambazo hakuna mti utakaozishika. Ikiwa juu au chini ya hapo kuna watu wanachimba mchanga ndani ya mto, kitanda cha mto kinashuka na kingo zinaporomoka zikiwa na miti yake. Tuliona mkuyu mkubwa, wa kukumbatiwa na watu watatu, ukilala mtoni kwa namna hiyo. Usipeleke miche huko. Peleka taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa Bodi ya Maji ya Bonde, ambayo kwetu ni ya Wami/Ruvu, ukiwa na picha na tarehe.

Miche imeliwa au imekanyagwa

Kwato zitakwambia. Mifugo inakuja kunywa, na itaendelea kuja. Uzio wa miiba unaoziba mto wote utavunjwa wiki ya kwanza ya kiangazi. Kaa na wafugaji, waulize wanapitia wapi, waachieni njia pana ya kushukia majini mahali penye mawe, halafu zungushieni miiba sehemu zilizobaki. Sisi tulipoteza miche ya msimu mzima kwa kupanda juu ya njia ambayo ng'ombe waliitumia kabla hatujazaliwa.

Miche imeng'olewa usiku

Ng'ombe anauma na kukanyaga. Mtu anaacha shimo safi. Ukikuta mstari mzima umetolewa, miche imelazwa pembeni au imetupwa majini, na mita chache kutoka hapo kuna bustani ya mchicha au chainizi, basi tatizo haliko kwenye udongo.

Najua hasira inayokuja. Tuliposhuka asubuhi ile tukakuta mashimo matupu, mwenzetu mmoja alitaka twende moja kwa moja kwa mtendaji. Tukakubaliana kwanza tukamsalimie mama mwenye bustani ile. Tukampa shikamoo, tukakaa. Hakukana wala hakukubali. Alisema tu, "Wanangu, leo ni mti, kesho ni bikoni, keshokutwa ni greda. Mimi nasomesha kwa mchicha huu."

Alikuwa na haki ya kuogopa kuondolewa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuhatarisha uhifadhi wa ukingo huo. Kila mwenye bustani mtoni amesikia habari za hizo mita 60, na sisi tulikuwa tumefika na kamba na vigingi, tukipima mbele ya macho yake, bila hata hodi. Ungekuwa wewe ungewaza nini?

Hapa pana mtego, na kikundi cha kujitolea kinaweza kuuingia kwa nia njema. Usimwambie mtu kwamba ataondolewa. Huna mamlaka hayo. Usimwambie pia kwamba ukipanda miti ataruhusiwa kubaki. Hayo nayo huna. Mwambie ukweli: sheria ipo, wanaoisimamia ni wengine, na wewe umekuja kwa sababu ukingo unabomoka na bustani yake inabomoka nao. Yule mama alituonyesha mwenyewe mahali ambapo matuta mawili yalikuwa yameanguka mtoni mvua zilizopita.

Tulianzia hapo. Mstari wa kwanza ulikuwa wa matete na mkuyu kwenye ukuta uliokuwa ukimla. Nyuma yake alichagua mzambarau pori, kwa ajili ya matunda, na akakataa mkaratusi ambao mtu mwingine alikuwa amemwahidi, akisema unakunywa maji ya kisima chake. Miche ile haikuguswa. Mara ya tatu tulipofika kupalilia, tulikuta imeshapaliliwa.

Kwa hiyo ukikuta mashimo safi, rudisha jembe nyumbani. Mazungumzo yatangulie, mwenyekiti wa kitongoji awepo, na mwenye bustani achague angalau nusu ya aina za miti. Hakuna mlinzi utakayemlipa atakayeutazama mche kama mtu aliyeuchagua mwenyewe.

Pale ambapo hatukupanda pameota vizuri zaidi

Hili si tatizo, ila linachanganya. Tulikuta sehemu tuliyoiacha kwa uchovu ina miti yenye kimo cha mtu, na sehemu tuliyopanda ina vijiti. Tulipofukua tukaelewa: chini ya vichaka vya lantana kulikuwa na visiki vya miti iliyokatwa zamani, na mizizi yake ilikuwa hai muda wote. Huko Dodoma njia hii inaitwa Kisiki Hai. Unachagua vichipukizi viwili au vitatu vilivyonyooka na vyenye nguvu, unapogoa vingine, unafunga kitambaa ili mwenye panga aone, unalinda. Mche wa kiriba hauwezi kushindana na mti wenye mizizi ya miaka ishirini.

Siku hizi, kabla ya kuchimba shimo lolote, watu wanne wanatembea ukingo mzima na vitambaa vyekundu wakitafuta visiki. Lantana inang'olewa kuzunguka kila kisiki, si kufyekwa tu, maana ikifyekwa inarudi na hasira. Masika yaliyopita tulifunga vitambaa vyote tulivyokuwa navyo, tukaishia kuchana kanga moja, na miche ya eneo hilo tukaipeleka kwenye korongo la juu ambako hakuna kisiki hata kimoja.